Ukuta bado mbichi, fundi anataka kupiga rangi: maswali yenu kuhusu unyevu kwenye nyumba mpya

Habari zenu wajenzi. Masika ikishapita maswali yanayokuja hapa ni yale yale, ukuta umelowa, rangi inabanduka, kuna unga mweupe, chumba kinanuka ukungu na nyumba yenyewe haijafikisha hata mwaka. Safari hii nimechagua ya watu ambao bado wako saiti au ndio wanamalizia, maana hapo pesa kidogo inafanya kazi kubwa, ukishahamia ukaweka makabati na tailizi kila kitu kinakuwa ni kubomoa. Barua zenu nimezifupisha kidogo.

Swali: Shikamoo fundi. Tumejenga Bunju, vyumba 3 na sebule. Lipu ya ndani imeisha wiki 2 zilizopita na kodi ya tulipopanga inaisha mwisho wa mwezi. Fundi rangi anasema tupige skimu ya jipsamu (lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta) sasa hivi halafu juu yake prima ya wotapruf ili unyevu ufungiwe ndani usitoke. Mume wangu amekubali ila mimi moyo unasita. Tufanyeje? *Mama wa watoto wawili, Bunju, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba mama. Moyo wako uko sahihi kabisa, na naomba umuonyeshe baba haya majibu kabla hajatoa hela ya hiyo prima.

Tuanze na maji yenyewe yametoka wapi. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 ukichanganywa vizuri unakunywa kama lita 25 za maji, na mafundi wetu wengi wanaongeza zaidi ya hapo ili zege iwe laini wasichoke kuisukuma. Simenti inaposhika yenyewe inameza maji kama robo ya uzito wake tu, yaani lita 12 hivi kwa mfuko, zinazobaki ziko humo humo kwenye tofali, lipu na jamvi (zege ya sakafu), na sehemu kubwa inabidi iondoke kwa hewa. Sasa piga hesabu, nyumba iliyokula mifuko 300 ina karibu lita 4000 za ziada, hizo ni simtanki 2 za lita 2000 zilizojaa, na hapo bado hujaweka maji ya kumwagilia zege, maji ya kulowesha ukuta kabla ya lipu, na mvua iliyolipiga boma kabla hamjaezeka. Yote hayo unataka kuyafungia kwa kopo la prima? Hayafungiki. Yatasukuma, utaona rangi inavimba malengelenge, ukiitoboa inatoa maji, na yale yaliyokosa pa kutokea mbele yatatokea upande mwingine, mara nyingi chini kwenye skatingi, pale ukuta unapokutana na sakafu.

Jipsamu ndio inaongeza tatizo. Jipsamu haipatani na maji, ukiipiga juu ya lipu mbichi ya simenti inabaki laini, unaikwangua kwa kucha, baada ya miezi inaachia vipande vizima. Halafu lipu mpya ina ukali wake, kama ule wa chokaa, ukichanganyika na unyevu unaila rangi, rangi ya mafuta hasa, inapauka mabaka mabaka au inabaki inanata. Watu wanalaumu duka wameuziwa rangi feki kumbe ukuta haukuwa tayari.

Kupima ni bure. Chukua nailoni nene inayoona ndani, kata kipande kama sentimita 45 kwa 45, bandika ukutani kwa soloteipu pande zote 4 pasibaki upenyo hata kidogo, iache mchana na usiku mzima. Kesho yake chungulia. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ule uliogusana na ukuta, na ukifunua hapo lipu imekuwa ya kijivu iliyokolea kuliko pembeni yake, ukuta bado unatoa maji, subirini. Ukikuta unyevu upande wa juu unaotazama chumbani na chini ya nailoni pakavu, hiyo ni hewa ya chumba, dawa yake ni kufungua madirisha. Usipime sehemu moja tu, weka chini karibu na jamvi, weka usawa wa kifua, weka ukuta wa bafuni na ule unaopigwa na mvua kwa nje.

Kwa muda, lipu ya simenti ipeni angalau wiki 4 kabla ya rangi, na hapo ni kama kunakauka. Pwani, na mawingu yakiwa bado yapo, wiki 4 ndio mwanzo wa kupima na nailoni. Jamvi linachelewa zaidi, hesabu ya mafundi wa zamani ni mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene, kwa hiyo jamvi la inchi 4 ni kama miezi 4, na kuhesabu kunaanza siku mlipoacha kumwagilia huku paa lipo juu. Na jamani wiki 2 za lipu ni chache mno.

Najua kodi haisubiri. Kama mwenye nyumba anakubali, ombeni mwezi au miezi 2, gharama yake ni ndogo kuliko kukwangua nyumba nzima na kununua rangi upya. Ikishindikana hamieni hivyo hivyo na lipu yenu ya kijivu, hakuna ubaya, nyumba nyingi nzuri zimeanza hivyo. Mkitaka kung'aa kidogo pakeni chokaa, chokaa inaachia ukuta upumue. Chagueni vyumba vilivyokauka zaidi ndio watoto walale huko. Vitanda na makabati visogezwe kama sentimita 10 kutoka ukutani, makabati ya kujengea ukutani yasubiri kabisa. Madirisha yafunguliwe kuanzia saa 4 asubuhi jua likiwa limeshika hadi jioni, yafungwe mvua ikija na usiku hewa ikiwa nzito. Kama mna feni ielekezeni ukutani. Na ukiona ukungu mweusi kwenye kona usiuzoee, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu nyumba zenye unyevu na ukungu na limeuhusisha na pumu na matatizo ya kifua, watoto ndio wanaumia kwanza.

Swali: Mambo vipi fundi. Niko Kibada, Kigamboni, msingi umetoka kozi 4, mkanda (zege ya juu ya msingi) umemwagwa, sasa najaza kifusi. Fundi wangu anasema nailoni na DPC (ile rola ya kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani) ni kupoteza hela, yeye ataweka dawa ya wotapruf kwenye zege ya jamvi inatosha. Wakati tunachimba shimo la choo tulikutana na maji mapema tu. Nimsikilize? *Kijana wa Kibada*

Jibu: Mdogo wangu, kwenye hili usimsikilize hata kama mengine anafanya vizuri. Hayo maji ya kwenye shimo la choo ndio jibu lako, maji ya ardhini kwako yako karibu, na masika yanapanda zaidi. Tofali na zege vina vitundu ambavyo macho hayavioni, maji yanapanda humo yenyewe bila pampu wala presha, na kwenye ukuta yanaweza kufika kama mita moja kabla hewa na joto havijayazidi. Ndio maana zile tunazoita fangasi za ukutani karibu kila nyumba zinaishia usawa wa kiuno, chini kumebabuka juu kuzima. Dawa kwenye zege inapunguza maji kupita ndani ya zege, sawa, ila jamvi likipata ufa mwembamba, na majamvi mengi yanapata, maji yanapita kwenye ufa na dawa yako iko pembeni inaangalia. Halafu hiyo dawa iko kwenye jamvi, ukuta uliokaa juu ya mkanda unalindwa na nini?

Sasa fanya hivi. Kifusi shindilia tabaka kwa tabaka, inchi 6 inchi 6, sio kujaza futi 3 kwa siku moja halafu mnamwagia maji mnasema kitashuka chenyewe, kitashuka kweli ila jamvi likiwa juu yake. Panga mawe, juu ya mawe tandaza mchanga laini usawazishe ncha kali zote zifunikwe, piga dawa ya mchwa, ndio ulaze nailoni ya geji 1000. Vipande vipandiane kama futi moja na soloteipu pana juu ya maungio. Pembeni isiishie kwenye kona, ipandishe ikutane na DPC ya ukutani, hapo kwenye kukutana ndipo nyumba nyingi zinapovuja, jamvi limelindwa, ukuta umelindwa, katikati kuna mlango wa wazi.

Siku ya kumwaga zege usiende kazini, au omba ruhusa. Asubuhi utakuta nailoni imelala safi inang'aa, mchana fundi nondo anaburuta wavu wa chuma juu yake, zile ncha za baindingi waya zinachana, mwenye toroli anapita humo humo, na hakuna atakayesimamisha kazi kwa ajili ya tundu la sentimita 5 kama wewe haupo. Weka mbao za kupitisha toroli, weka vijiwe vya zege vya kunyanyulia nondo, na ukiona mchano bandika kipande kikubwa juu yake kabla zege haijafika.

DPC ni ile rola nyeusi ya lami, nunua yenye upana wa tofali lako. Inalazwa juu ya mota iliyosawazishwa, sio juu ya mkanda wenye vijiwe, maungio yapandiane inchi 6, halafu kozi ya kwanza ya ukuta inakuja juu. Inatakiwa iwe angalau inchi 6 juu ya ardhi, na hapa sikiliza vizuri, ardhi ninayosema sio ya leo, ni ile ya mwisho utakapokuwa umeshaweka pevingi na bustani. Nimeona nyumba nyingi za pesa nyingi zilizokuwa na DPC nzuri kabisa, miaka 2 mbele mwenye nyumba akajaza udongo akapiga pevingi ikapita juu ya DPC, maji yakapata ngazi. Lipu ya nje nayo vivyo hivyo, ikishuka moja kwa moja hadi ardhini inaiziba DPC kwa nje na maji yanapandia hapo, kwa hiyo mwambie fundi aikate usawa wa DPC, chini ya hapo aweke simenti yake tofauti.

Hiyo nailoni na rola ukizilinganisha na nondo za lenta peke yake ni hela ndogo. Kuja kuiweka DPC baada ya nyumba kusimama ni kutoboa ukuta mzima kwa chini, tundu kila baada ya sentimita 12 hivi, na kuujaza dawa, na kwenye tofali zenye uwazi ndani haifanyi kazi vizuri. Iweke sasa.

Swali: Assalaam alaykum fundi. Mimi nipo Muscat, najenga Bububu, Unguja, kaka yangu ndie anaesimamia. Ananitumia picha kwa WhatsApp, ukuta wa ndani umetoa unga mweupe na kuna pahala panalowa halafu pakikauka panarudi tena hata siku ambazo hakunyesha. Nyumba ishaezekwa na DPC ipo, nilinunua mwenyewe. Upande mmoja tumeunganisha na ukuta wa zamani wa mawe na chokaa wa nyumba ya bibi, na wenyewe tumeupiga lipu ya simenti ufanane. Nahisi nimeibiwa. *Mama wa Kizanzibari, Muscat*

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu, pole, kusimamia nyumba kwa picha za simu ni mtihani. Kabla ya kumgombeza kaka tutenganishe mambo, maana hapo naona matatizo 2 tofauti.

Unga mweupe peke yake kwenye nyumba mpya sio ugonjwa. Ni chumvichumvi za kwenye simenti na tofali ambazo maji ya ujenzi yanapotoka yanazibeba hadi juu, maji yanakwenda na hewa, unga unabaki. Kaka auondoe kwa brashi kavu, asiuoshe kwa maji kwa sababu maji yanaurudisha ndani, na kila wiki utapungua hadi uishe. Asipake kitu juu yake kwanza.

Ila hilo la kulowa bila mvua ndio linanitia wasiwasi. Muulize kaka mchanga ulitoka wapi na maji ya kuchanganyia yalikuwa ya kisima gani. Mchanga wa pwani au maji ya kisima chenye chumvi vikiingia kwenye lipu, ile chumvi inabaki humo milele, na chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, ambayo kwa Unguja usiku ni jambo la kila siku. Ni kama chumvi ya jikoni inavyolowa ndani ya kopo masika, hakuna aliyeimwagia maji. Kwa hiyo DPC yako inaweza kuwa nzima kabisa na ukuta ukalowa vilevile. Mwambie kaka aangalie siku ya upepo mkavu wa mchana pakoje na alfajiri pakoje, pakiwa panabadilika pamoja na hewa na pana umbo la mabaka yasiyo na mpangilio, sio mstari unaopanda kutoka chini, basi hiyo ni chumvi. Kama bado kuna rundo la mchanga saiti, achukue kidogo aweke kwenye chupa ya maji safi atikise, autulize, aonje yale maji, ulimi ukisikia chumvi hapana haja ya ushahidi zaidi.

Dawa ya lipu yenye chumvi ni kuibandua ile sehemu mpaka tofalini na kupiga nyingine kwa mchanga safi na maji matamu. Inauma ila rangi yoyote ukipaka juu itatoka. Kikubwa zaidi nataka kujua kama mchanga huo huo umetumika kwenye lenta, nguzo na silabu, kwa sababu chumvi ndani ya zege inakula nondo, kutu inavimba na kuipasua zege kutoka ndani, na hilo linaonekana baada ya miaka wakati watu wanalala chini yake. Kama jibu ni ndiyo tafuta injinia akapime kabla hujaendelea na hata senti moja ya tailizi. Hapo usimwonee ndugu haya, uliza wazi.

Na ukuta wa bibi, naomba sana hiyo lipu ya simenti itoke. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa, ndivyo ulivyojengwa, majumba ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 yamesimama na chokaa miaka na miaka. Ukiufunika kwa simenti maji yanakosa pa kutokea mbele, yanajikusanya ndani yanailainisha ile chokaa ya zamani, na yanatafuta njia kuelekea kwenye chumba chako kipya pale mlipounganisha. Piga lipu ya chokaa na mchanga, tafuta fundi mzee anaeijua, Unguja bado wapo. Na pale kuta 2 zinapokutana weka DPC ya kusimama iliyotenganisha, isiwe mota imeshikana moja kwa moja.

Swali: Kamwene fundi, niko Njombe. Nyumba nimeezeka mwezi wa 5, mwezi wa 6 nikapiga lipu ndani na kuweka madirisha ya aluminiamu. Sasa asubuhi mabati yanadondosha maji ndani kama kumenyesha, na mvua hakuna. Fundi bati karudi kakaza misumari yote upya, bado. *Mwalimu, Njombe*

Jibu: Kamwene mwalimu. Misumari haina kosa, mrudishie fundi bati heshima yake. Hayo maji yanatoka ndani ya nyumba. Lipu yako mbichi inatoa mvuke mchana kutwa, umefunga madirisha kwa sababu ya baridi, mvuke hauna pa kwenda unapanda juu, usiku bati linapoa kuliko kitu chochote hapo nyumbani, mvuke ukigusa bati unageuka maji. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba hadi gramu 17 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo, ikishuka nyuzi 5 inabeba kama 7 tu, na Njombe mwezi wa 6 na wa 7 unazijua nyuzi 5. Zile 10 zilizobaki ndizo zinakudondokea.

Usiweke silingi bodi sasa, zitalowa kwa juu na wewe hutaona hadi zipinde. Fungua madirisha mchana hata kama kunapiga baridi, hewa ya baridi ya nje ni kavu kuliko unavyodhani, ikiingia ikapata joto inabeba maji mengi inatoka nayo. Kabla ya silingi acha matundu ya hewa darini pande 2 zinazotazamana, yenye wavu wa kuzuia popo na panya. Na kama bajeti inaruhusu kulaza karatasi maalum ya kuzuia joto na umande chini ya mabati, ni rahisi kuiweka bati likiwa halijalazwa, kwako imeshapita, ila jirani anayejenga mwambie. Kama kuta ni tofali za kuchoma na nje hujapiga lipu, hakikisha paa limetoka nje vya kutosha, tofali ya kuchoma inakunywa maji sana ikipigwa na mvua ya upepo.

Swali: Fundi, boma langu Kibaha limekaa miaka 3 bila paa, hela ilikata. Sasa nimepata, nataka paa la kuficha, na ili kuokoa muda fundi aanze lipu huku wengine wanaezeka. Inafaa? *Baba wa Kibaha*

Jibu: Hongera mzee kwa kurudi saiti, wengi wanakata tamaa. Lipu isubiri. Boma lako limelala nje masika 3, na ile ya 2024 kila mtu wa Pwani anaikumbuka, imekuja juu ya mvua za El Niño za vuli ya 2023, kwa hiyo tofali zako zimekunywa mpaka katikati. Anza na vichwa vya kuta, kozi ya juu kabisa ndio imeumia zaidi, gonga na nyundo, inayolia bovu itoe. Nondo zilizobaki wazi kwenye lenta na nguzo zisuguliwe na brashi ya chuma, iliyoliwa mpaka imekonda ionyeshe kwa injinia usiifunike. Ule ukijani sugua wote utoke, lipu haishiki juu yake. Ezeka, acha boma lipumue chini ya paa wakati wa kiangazi, madirisha yako wazi bado ni faida, halafu ndio nailoni ya kupimia na lipu.

Sasa hilo paa la kuficha ni zuri kwa macho ila ndilo linaloniletea barua nyingi kuliko paa lolote. Ukuta unapanda juu ya bati, mvua inaupiga pande zote 2, na maji yote ya paa yanaingia kwenye gata iliyo ndani ya nyumba, likiziba jani moja maji yanarudi kwenye silingi. Kwa hiyo ule ukuta wa juu uvalishwe kofia ya zege yenye mteremko kuelekea ndani kwenye paa, iliyozidi ukuta kidogo na yenye mfereji mdogo kwa chini ili tone lidondoke lisirudi ukutani. Bati linapokutana na ukuta fulashi, kile kipande cha bati cha kuziba kiungio, iingizwe ndani ya mfereji uliokatwa kwenye ukuta, isibandikwe tu na silikoni juu ya lipu. Gata iwe na mabomba 2 ya kushusha na tundu la dharura la kutolea maji nje kwa juu, uone maji yanamwagika nje ujue kumeziba. Na siku gata imekamilika, kabla ya silingi, ziba matundu ujaze maji, uyaache masaa 24.

Maswali mafupi

*Tanga: naweza kuwasha majiko ya mkaa vyumbani usiku nikifunga madirisha ili lipu ikauke haraka? Mlinzi analala humo.*

Hapana, tafadhali sana, na kama umeshaanza mtoe huyo mlinzi leo. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu analala haamki. Hata ukuta wenyewe haukauki hivyo, madirisha yakifungwa mvuke unabaki, na lipu ikikaushwa kwa moto inapasuka nyufa. Jiko la gesi nalo usiliwashe kwa ajili hiyo, kilo moja ya gesi ikiungua inatoa lita moja na nusu ya maji hewani, unaongeza unachotaka kupunguza.

*Mwanza: doa limetokea katikati ya ukuta wa korido, usawa wa kifua, chini yake pakavu.*

Nyuma yake kuna nini, bafu? Hilo sio la kutoka ardhini, wa kwanza kushukiwa ni bomba. Fundi bomba afunge koki zote, ajaze mfumo kwa pampu ya presha, muangalie geji kesho yake, ikishuka mnatafuta kiungo. Hii ilitakiwa ifanywe kabla ya lipu, kwa hiyo mnaosoma na bado hamjafunika mabomba fanyeni wiki hii. Geji isiposhuka basi jaribuni na sakafu ya bafu, jaza maji ya vidole 2 uzibe tundu, uone kama doa linakua.

*Morogoro: milango ya mninga imefungwa ikiwa inafunga vizuri, baada ya mwezi haifungiki, seremala anataka kuiranda.*

Asiirande bado. Mliifunga kuta zikiwa mbichi, mbao imevuta ule unyevu ikavimba, ukiiranda sasa ikija kukauka utabaki na upenyo wa kidole. Ing'oeni, ilazwe mahali pakavu penye kivuli juu ya mbao za kunyanyulia ili hewa ipite chini, nyumba ikikauka ijaribiwe tena, ndipo ipigwe vanishi pande zote 6, yaani hadi juu na chini ya mlango ambako maseremala wengi hawapaki.